Gari la NASCAR linagoma kona, linachemka au limepoteza kasi? Anza kukagua pua

Dereva wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, akisema redioni kwamba gari linagoma kukata kona, akili ya fundi hukimbilia tairi na springi. Si vibaya kuzifikiria. Ila kwenye viwanja vya kasi kama Daytona, Talladega na Michigan, ambako gari linafika kilomita 300 kwa saa, hewa ina usemi mkubwa kuliko springi, na hewa hiyo hukutana na gari kwanza kwenye pua. Pua ikiwa na kasoro, utabadilisha springi mpaka jua litue na gari litabaki vilevile.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu dereva hakuletei sababu, anakuletea dalili. Utamfaa anayetazama mbio na kutaka kuelewa anachokiona, anayecheza iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, na hajui kwa nini gari lake linateleza kuelekea ukutani, na yeyote aliyeko Marekani anayesaidia timu ndogo za mwisho wa wiki. Msimamo wangu ni mmoja: usishike spana kabla hujaikagua pua.

Maswali matatu ya kuanzia

La kwanza: tatizo lipo kwenye kasi zote, au kwenye kasi kubwa tu? Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara 2, kutoka kilomita 150 hadi 300 kwa saa, nguvu ya hewa huongezeka mara 4. Kwa hiyo gari linalogoma kwenye kona za polepole za Martinsville, uwanja wa takriban maili nusu, lina shida ya tairi, springi au mgawanyo wa uzito. Linalogoma kwenye kona za kasi peke yake, shida yake karibu kila mara ni hewa.

La pili: linafanya hivyo likiwa peke yake, au likiwa nyuma ya wenzake tu?

La tatu: lilianza ghafla au polepole? Kilichoanza ghafla kina tukio nyuma yake. Pengine pua imebonyea, splita (ubao wa chini ya bampa ya mbele) imevunjika, au karatasi imenasa kwenye grili. Kilichokuja mzunguko baada ya mzunguko ni tairi kuisha, mafuta kupungua au lami kubadilika joto.

Ukishapata majibu ya maswali haya, nusu ya kazi imekwisha. Fundi anayeruka hatua hii hubahatisha.

Pua inafanya kazi gani hasa

Splita ni ubao mpana na mwembamba unaotokeza chini ya bampa ya mbele, sambamba na lami. Hewa ikigonga bampa, sehemu yake hujaa juu ya splita na kuikandamiza chini. Sehemu nyingine hupita katika nafasi ndogo kati ya splita na lami. Aliyewahi kupita uchochoro wa Mji Mkongwe wakati kaskazi inavuma anajua upepo ukibanwa hukimbia zaidi. Chini ya splita ni hivyohivyo: hewa inakimbia, shinikizo linashuka, na pua inavutwa kuelekea lami. Juu inasukumwa, chini inavutwa, na tairi za mbele zinapata mshiko.

Grili nayo huingiza hewa ya kupoza rejeta. Hewa hiyo lazima itoke mahali. Katika magari ya vizazi vya zamani ilimwagikia kwenye chumba cha injini, ikajaa chini ya boneti na kuinyanyua pua kidogo. Gari la sasa, lililoingia mwaka 2022, lina njia maalumu zinazoitoa hewa ya rejeta kupitia matundu juu ya boneti, na sakafu bapa inayopeleka hewa hadi difyuza, mkondo unaopanuka wa kutolea hewa chini ya mkia. Kwa hiyo unaposhughulikia tatizo, jua kwanza gari lako ni la kizazi gani. Ushauri wa gari la 2015 unaweza kukupotosha kwenye gari la 2022.

Dalili: linagoma likiwa nyuma ya gari jingine

Hii ndiyo dalili inayosikika kuliko zote. Gari likiwa peke yake linakata kona bila taabu. Likilikaribia la mbele, dereva anageuza usukani na pua inaendelea tu kupanda kuelekea ukutani. Akizidisha usukani, hali inakuwa mbaya zaidi.

Sababu ni hewa chafu. Gari la mbele limeshaitumia hewa, na inatoka nyuma ya spoila yake, ule ubao uliosimama juu ya mkia, ikiwa imepungua kasi na inazungukazunguka. Splita yako haiwezi kufanya kazi na hewa ya namna hiyo. Mkia nao unapoteza mkandamizo, lakini pua inapoteza zaidi, kwa hiyo mizani yote ya gari inahamia nyuma.

Kuthibitisha ni rahisi. Mwambie dereva atoke pembeni nusu ya upana wa gari kabla ya kuingia kona. Pua ikiitika papo hapo, ni hewa. Isipoitika, ruka hadi dalili inayofuata.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Dereva akikaa mizunguko mingi katika hewa chafu, tairi ya mbele kulia inaburutwa, inapata joto kupita kiasi na kuisha. Baadaye hata akipata hewa safi gari linaendelea kugoma, na mafundi wanaandika daftarini kwamba tatizo ni tairi. Tairi imeumia kweli, lakini imeumizwa na hewa. Ukibadilisha mpangilio wa gari zima kwa sababu ya tairi hiyo, ukifunga mpya utakuwa na gari lisilofaa.

Dawa ya kwanza iko mikononi mwa dereva. Aachie mafuta mapema kidogo, achague mstari tofauti na wa gari la mbele, na ahakikishe angalau kona moja ya pua yake iko nje ya kivuli cha mwenzake. Ukitazama mbio za Michigan kwa makini, utaona gari linalotaka kupita halifuati nyayo za la mbele. Linakaa juu au chini yake hata kama huko lami haina mshiko mzuri, kwa sababu hewa safi inalipa fidia.

Dawa ya pili iko piti, eneo la kando ya uwanja ambako gari husimama kuhudumiwa. Fundi huingiza spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuzungusha skrubu ya springi, ili kupunguza uzito unaobebwa na tairi ya mbele kulia na ya nyuma kushoto kwa pamoja. Gari linalegea na kukubali kugeuka. Pale kanuni zinaporuhusu, utepe mmoja wa tepu juu ya grili pia husaidia, maana hewa isiyoingia kwenye rejeta hubaki juu ya splita na kukandamiza. Kwenye iRacing, magari mengi ya ovali (viwanja vya mviringo) ya vizazi vya zamani yana kipimo hicho cha tepu, na ndicho cha kwanza ninachopendekeza kukijaribu.

Lakini pima gharama. Gari lililorekebishwa lifurahie msongamano litachomoka mkia likipata hewa safi. Dereva aliye nafasi ya 15 anahitaji marekebisho tofauti na anayeongoza, na kabla ya kuzungusha chochote jiulize gari litakuwa wapi mizunguko 20 ijayo.

NASCAR yenyewe imepambana na dalili hii. Gari la 2022 lilihamishia mkandamizo mwingi sakafuni kwa matumaini kwamba kufuatana kungekuwa rahisi. Kwenye viwanja vifupi na njia za mzunguko wa barabara (zenye kona za kulia na kushoto), kupita kulibaki kugumu, na mwaka 2023 spoila ya viwanja hivyo ilipunguzwa hadi inchi 2 na vibao vya difyuza vikapunguzwa. Naona mwelekeo huo ni sahihi. Gari linalotegemea hewa kidogo hupoteza kidogo linapoinyimwa.

Dalili: linagoma hata likiwa peke yake, ila kwenye kasi kubwa tu

Piga magoti uangalie chini ya splita. Usitazame kwa mbali ukiwa umesimama. Alama za kusuguliwa na lami zinasema mengi kuliko dereva.

Kama hakuna alama kabisa, splita inapita juu mno. Uchochoro wake ni mpana, hewa haibanwi ipasavyo, na pua haivutwi. Springi za mbele ni ngumu kupita kiasi, au vizuizi vya mwisho wa springi vinalizuia gari mapema kabla halijashuka vya kutosha.

Kama alama ni nyingi na nzito pande zote, splita inagonga lami. Watu huwaza kwamba kadiri pua inavyokaribia chini ndivyo mkandamizo unavyoongezeka. Ni kweli mpaka kikomo fulani. Ukikipita, nafasi inakuwa ndogo mno, hewa inakwama, na mkandamizo unapotea ghafla. Tena splita ikigusa lami hubeba uzito ambao ungebebwa na tairi, na tairi isiyobeba uzito haina mshiko. Dereva ataeleza kwamba gari linageuka vizuri, kisha katikati ya kona linaachia, hasa penye matuta.

Kama alama ziko kona ya kulia ya splita peke yake, gari linalala sana upande wa kulia likiwa konani, na kona ya kushoto ya splita inanyanyuka. Hewa inavuja kupitia upande huo. Hili ndilo kosa ninaloona linapuuzwa kuliko mengine, kwa sababu ukipima gari likiwa limesimama kila kitu kinaonekana sawa. Lengo ni splita nzima iwe karibu na lami kwa kiwango kimoja wakati gari liko katikati ya kona, hata kama likiwa gereji gari litaonekana limekaa vibaya.

Ndiyo maana timu zilihangaika miaka mingi na springi laini zilizobanwa mpaka mizunguko yake ikagusana: gari lilipita ukaguzi likiwa limesimama juu, kisha likashuka likiwa kwenye kasi. Kuanzia msimu wa 2014 NASCAR iliacha kupima urefu wa pua kwa namna ya zamani, na sarakasi nyingi za aina hiyo zikakosa sababu.

Kagua pia nafasi kati ya bampa na splita. Ufa mdogo hapo hupitisha hewa ya juu kwenda chini, na shinikizo linakuwa moja pande zote mbili. Shika ukingo wa splita kwa mikono uutikise. Ukicheza, vishikizo vimelegea au vimevunjika, na kwenye kasi kubwa utapinda bila wewe kuona.

Dalili: mkia unachomoka

Watu hukagua spoila ya nyuma na kusahau kwamba mizani ina pande mbili. Mkia unaweza kuwa sawa kabisa, ila pua imepata mkandamizo kupita kiasi. Jiulize kama kuna tepu iliyoongezwa kwenye grili gari lilipoingia piti mara ya mwisho, au pua imeshushwa. Kama ndiyo, ondoa ulichoongeza kabla ya kugusa nyuma.

Mkia ukichomoka wakati wa kuingia kona tu, dereva anapoachia mafuta au kushika breki, tazama pua inavyoinama. Ikizama haraka, splita inakaribia lami ghafla, mkandamizo unarukia mbele na nyuma inabaki nyepesi. Hapo shughulikia shokapu za mbele zipunguze kasi ya kuzama.

Ukichomoka pale tu gari jingine linapokaribia bampa yako ya nyuma, gari lako halina kosa. Pua ya mwenzako inavuruga hewa inayofika kwenye spoila yako. Madereva wazoefu hufanya hivyo makusudi. Pia huweka pua yao ubavuni, karibu na madigadi ya nyuma ya mpinzani, wakaisukumia spoila yake hewa ili kuongeza ukinzani na kumpunguzia mwendo. Dawa ni dereva kujua kilicho nyuma yake, na msaidizi aliye juu ya paa la uwanja kumwambia mapema.

Dalili: geji ya joto la maji inapanda

Usianze na pampu. Anza na takataka. Karatasi ya kufungia soseji iliyorushwa na upepo kutoka jukwaani inatosha kufunga sehemu kubwa ya grili, na kila anayefuatilia mbio hizi ameshaona jambo hilo. Ishara yake ni joto kupanda ghafla bila gari kupoteza nguvu. Cha ajabu, gari linaweza hata kuongeza kasi kidogo kwa mizunguko michache, kwa sababu grili iliyofungwa hupunguza ukinzani. Dereva asifurahie.

Njia ya kawaida ya kuiondoa bila kuingia piti ni kumsogelea sana aliye mbele. Katika hewa chafu ya nyuma yake, shinikizo linaloishikilia karatasi kwenye grili linapungua na mara nyingi karatasi inadondoka. Ikikataa, atoke kwenye mstari na kusubiri bendera ya njano, au aingie piti kabla injini haijafa.

Kama hakuna takataka, hesabu tepu. Timu huanza na tepu nyingi asubuhi ya baridi, kisha jua linapanda na hakuna aliyekumbuka kuibandua. Tepu ibanduliwe kipande kimoja kila gari linapoingia piti, na dereva aambiwe, kwa sababu pua itapoteza mkandamizo kidogo na ataanza kulalamika gari linagoma. Wasipoambiana, fundi atarekebisha joto na kuzua tatizo jingine ambalo atalitafuta kwenye springi.

Kama takataka hakuna na tepu hakuna, angalia dereva anakaa wapi. Aliyejificha nyuma ya mwenzake kwa muda mrefu hapati hewa ya kupoza. Daytona mwaka 2011 magari yalikimbia mawili mawili, bampa kwa bampa, kwa kuwa jozi ilikuwa na kasi kuliko gari moja. Grili ya msukumaji ilizibwa na aliye mbele, kwa hiyo walibadilishana nafasi kila baada ya muda ili wapoze injini. NASCAR ilipoona kasi imepita kiasi, ilipunguza ukubwa wa tundu la grili na shinikizo lililoruhusiwa kwenye mfumo wa maji, hukohuko kwenye wiki ya mashindano. Kwa kugusa tundu moja la pua, walibadili namna magari yote yanavyokimbia.

Dalili: kona ziko sawa, lakini limepoteza kasi kwenye njia iliyonyooka

Injini ikiwa nzima, tafuta kinachokamata hewa. Historia ina mfano mzuri kuliko wowote ninaoweza kubuni. Dodge Charger ya 1968 ilikuwa nzuri kwa macho, lakini grili yake ilizama ndani ya pua na kukusanya hewa, na kioo chake cha nyuma kilichozama kilileta msukosuko. Kwenye viwanja vikubwa ilihangaika. Dodge wakatoa Charger 500 ya 1969, wakasogeza grili mbele ikawa sawasawa na uso wa gari, na kioo cha nyuma wakakisawazisha. Ford nao wakaleta Torino Talladega yenye pua iliyorefushwa, na LeeRoy Yarbrough akashinda Daytona 500 ya 1969 na Ford.

Dodge wakajibu na Charger Daytona yenye pua ndefu iliyochongoka na bawa refu la nyuma, kisha Plymouth wakafuata na Superbird mwaka 1970. Machi 24, 1970, Buddy Baker alizunguka Talladega kwa maili 200.447 kwa saa ndani ya Charger Daytona, kama kilomita 323. Mwaka 1971 magari hayo yalibanwa yatumie injini ndogo, na zama zake zikaisha.

Ukirudi kwenye gari lako, unatafuta kilekile: mahali hewa inaponaswa badala ya kuteleza. Pitisha kiganja kuanzia bampa, juu ya boneti, hadi chini ya kioo cha mbele. Kila ukingo unaoukwaruza mkono ni kituo cha hewa. Stika iliyobanduka upande mmoja, madigadi iliyosukumwa nje karibu na tairi, boneti isiyofunga sawasawa, yote hayo yana gharama. Daytona, ambako dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho mzunguko mzima, gharama hiyo utaiona. Martinsville huenda usiione kabisa.

Dalili: pua imebonyea baada ya kugongana

Fuata mpangilio huu, kwa kuwa muda ni mchache. Mwaka 2017 NASCAR ilianza kuiwekea timu kikomo cha dakika za kutengeneza gari lililoharibika, na kanuni hiyo imebadilishwa mara kadhaa. Kwanza tairi: kipande chochote cha madigadi kinachogusa tairi kikatwe au kivutwe nje, maana tairi iliyokatwa huleta ajali ya pili. Moshi wa bluu kwenye gurudumu la mbele ukionekana, usimrudishe dereva uwanjani. Pili rejeta, kama inavuja. Tatu splita na vishikizo vyake. Umbo la pua ni la mwisho, na hapo ndipo tepu nene za kubandika bodi zinapofanya kazi: ziba matundu yanayoingiza hewa chini ya boneti hata kama sura haipendezi.

Kama gari lilipita kwenye nyasi za ndani ya uwanja, usiamini macho. Ukingo wa splita huchimba ardhi kama jembe na kung'olewa kutoka chini, huku bampa ikionekana nzima. Lazima mtu alale chini aangalie.

Dalili: gari likigeuka kinyume linanyanyuka

Hii haina dawa ya piti. Gari likienda kinyumenyume, kazi yote ya pua inageuka na hewa inaingia chini kutokea nyuma. Vibao vya paa vinavyofunguka vyenyewe vilianza kutumika 1994 kwa ajili hiyo, na baada ya gari la dereva Ryan Preece kupinduka mara nyingi Daytona mwezi Agosti 2023, sehemu ya nyasi za njia ya nyuma iliwekwa lami. Kazi ya timu ni moja: kabla ya kila mbio, fungua vibao hivyo kwa mkono, hakikisha havikwami kwenye rangi wala stika, na bawaba zake hazina kutu.